Bei na Gharama: Historia ya Gari la Umeme na Gari la Petroli

Ndugu msomaji, katika Kiswahili neno "rahisi" lina sura mbili. Kazi isiyo ngumu ni rahisi, na bidhaa isiyo ghali pia ni rahisi. Wahenga waliiona hatari iliyojificha ndani ya neno hili, ndipo wakatuachia msemo mfupi: rahisi ghali. Kitu ulichokinunua leo kwa pesa kidogo chaweza kukumalizia mfuko kesho. Nakualika tuuchukue msemo huo uwe taa yetu, tupite nao katika historia ya zaidi ya miaka mia moja, tukitafuta jibu la swali ambalo wanafunzi wangu hapa Kampala huniuliza kila wanapoona pikipiki ya umeme ikipita kimya barabarani: kati ya umeme na petroli, kipi ni rahisi zaidi?

Kabla ya kujibu, tutenganishe maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Bei ni kiasi unachotoa siku ya kununua chombo. Gharama ya uendeshaji ni kile unachoendelea kutoa baada ya siku hiyo: mafuta au umeme, vipuri, matengenezo, matairi, bima. Bei ni ya siku moja. Gharama ni ya kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukiondoa pia.

Umeme ulipotangulia

Wengi hudhani kwamba gari la umeme ni uvumbuzi wa jana. Sivyo. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuendesha gari kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa, na gari lake lilikuwa la umeme. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yaliendeshwa kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Petroli ilikuwa ya tatu katika mashindano ya watatu.

Gari la petroli la siku hizo lilikuwa na kelele na moshi, na kuliwasha kulihitaji mtu azungushe hendeli kwa mkono. Hendeli hiyo iliweza kurudi nyuma ghafla na kumvunja mtu mkono. Gari la umeme liliondoka bila kelele wala taabu. Je, ni nini kilichoigeuza hali hiyo?

Mambo matatu yalifuatana. La kwanza, tarehe 10 Januari 1901, mafuta yaliruka kutoka ardhini huko Spindletop, Texas, kwa wingi usiowahi kuonekana nchini humo, na petroli ikaanza kupatikana kwa urahisi. La pili, mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T, na kwa kutengeneza magari mengi ya aina moja akaishusha bei yake mwaka baada ya mwaka. Kufikia mwaka 1912, gari la petroli liliweza kununuliwa kwa dola 650, ilhali gari dogo la umeme liliuzwa kwa dola 1,750. La tatu, mwaka huohuo kampuni ya Cadillac ilileta magari yenye starta iliyobuniwa na Charles Kettering, na hendeli ikaanza kutoweka. Starta hiyo iliendeshwa kwa umeme wa betri. Hivyo umeme wenyewe ulimsaidia mshindani wake kushinda.

Zingatia jambo hili, ndugu msomaji. Gari la umeme lilikuwa na mashine chache za kuharibika, na kwa safari fupi za mjini liliwafaa wafanyabiashara wengi. Lilishindwa kwa bei, kwa umbali ambao betri iliweza kulifikisha, na kwa kukosekana kwa umeme nje ya miji. Mnunuzi wa kawaida alisimama mbele ya dola 650 na dola 1,750, akachagua zile alizoweza kuzipata.

Jaribio la Hartford

Hata hivyo, palikuwa na watu waliokitambua kiini cha tatizo. Sehemu iliyolifanya gari la umeme kuwa ghali ni betri. Basi, kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, katika jimbo la Connecticut, ilijiuliza: kwa nini mnunuzi alazimike kununua betri? Katika miaka ya 1910 ikaanzisha huduma ambayo mwenye lori alinunua lori pasipo betri. Betri ilibaki kuwa mali ya kampuni. Iliyoisha ilitolewa, iliyojaa ikawekwa mahali pake, na mwenye lori alilipa kwa kadiri ya maili alizokwenda pamoja na ada ya kila mwezi. Huduma hiyo ilidumu hadi mwaka 1924, na magari yaliyoitumia yalikwenda zaidi ya maili milioni 6 kwa jumla.

Huko Uingereza nako, katika karne iliyopita, magari ya umeme ya kusambaza maziwa yaliendelea kutumika kwa maelfu mengi, wakati magari ya umeme ya kubeba abiria yalikuwa yamekwisha sahauliwa. Sababu yake ni ya kihesabu. Muuza maziwa husimama mlangoni kwa huyu, husimama mlangoni kwa yule, njia yake ni fupi na haibadiliki, na usiku gari lake limelala likichajiwa. Pale ambapo kazi ilipimwa kwa gharama ya kila siku, umeme haukufa.

Somo kwa nchi zisizo na bahari

Sasa turudi kwetu. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilipunguza uzalishaji wao na kuzinyima mafuta baadhi ya nchi. Katika muda wa miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Nchi changa za Afrika Mashariki, ambazo zilinunua mafuta yote kutoka nje, zililazimika kuuza kahawa, pamba na chai nyingi zaidi ili zipate pipa lilelile.

Kwa Uganda, Rwanda na Burundi kuna mzigo wa pili. Mafuta yetu hushuka melini Mombasa au Dar es Salaam, kisha husafiri mamia ya kilomita kabla ya kufika kituo cha mafuta. Tunaponunua lita moja, tunainunua pamoja na barabara yake. Na barabara ikifungwa, bei hupoteza maana. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilizuia malori ya mafuta, na uhaba ukaonekana hapa Uganda na Rwanda pia. Januari 2022, malori yalikwama kwa siku nyingi katika mipaka ya Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Uviko-19. Nakumbuka jinsi jirani yangu mwendesha boda boda alivyoiegesha pikipiki yake ukutani, akaenda kutafuta kibarua cha ujenzi. Petroli iliyokuwapo ilipita uwezo wake.

Umeme wetu, kwa upande mwingine, hutoka zaidi katika mito yetu wenyewe. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi mwaka 2024. Maji ya Mto Nile hayapiti Malaba kabla ya kutufikia.

Hesabu ya daftarini

Tufanye hesabu, nawe uirudie kwa bei za mahali ulipo. Tuseme gari dogo la petroli hutumia lita 8 kwa kilomita 100, na la umeme hutumia uniti 18 kwa safari hiyohiyo, tukihesabu pia umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Tuseme lita moja ni shilingi 5,000, na uniti moja ni shilingi 750. Petroli itagharimu shilingi 40,000. Umeme utagharimu shilingi 13,500. Tofauti ni shilingi 26,500 kwa kila kilomita 100.

Kwa nini tofauti ni kubwa hivi? Lita ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9, lakini injini hugeuza sehemu ndogo tu, kama robo hivi, kuwa mwendo. Nyingine yote hutoka kama joto katika rejeta na bomba la moshi. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya nishati yake kuwa mwendo. Tena haihitaji oili ya injini wala plagi, na breki zake huchakaa polepole.

Usishangilie bado. Tuseme gari la umeme limemzidi mwenzake bei kwa shilingi milioni 20. Mtu anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi ataokoa shilingi 265,000 kila mwezi, na itamchukua zaidi ya miaka sita kuzirudisha milioni hizo. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 4,000 kwa mwezi atazirudisha kwa muda wa miezi kumi na tisa hivi. Hesabu hii inatufunulia jambo zito: umeme humfaidi zaidi yule anayesafiri sana, naye mara nyingi ni yule asiye na pesa za kuanzia. Anayehitaji unafuu zaidi ndiye anayezuiwa mlangoni na bei.

Wazo la zamani larudi Kigali

Ndipo wazo la Hartford lilipozaliwa upya kwa majirani zetu. Kuanzia mwaka 2019, waendesha pikipiki wa Kigali walianza kutumia pikipiki za umeme ambazo betri zake hubadilishwa vituoni. Mwendeshaji hufika, hutoa betri iliyoisha, huchukua iliyojaa, hulipa, kisha huendelea na kazi. Hana haja ya kuwa na bei ya betri mfukoni. Serikali ya Rwanda nayo, mwaka 2021, iliondoa kodi kadhaa kwa vyombo vya umeme na vipuri vyake, na tangu Januari 2025 haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria mjini Kigali. Ethiopia, ambayo karibu umeme wake wote hutokana na maji, ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari yasiyo ya umeme. Hapa Uganda, tangu mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa kimekwisha onyesha gari la Kiira EV, lililoundwa na wahadhiri na wanafunzi wake.

Gharama zisizoandikwa kwenye risiti

Raia mwema haishii kwenye mfuko wake. Betri nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika maeneo ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya mgodini. Huko wamo watu wanaochimba kwa sururu na mikono mitupu, na miongoni mwao wameonekana watoto. Petroli nayo ina madhara yake: moshi tunaouvuta mijini, na mafuta yaliyomwagika katika mashamba na maji ya Delta ya Niger. Hakuna safari isiyolipiwa na mtu fulani.

Kuna pia swali la barabara. Nchi nyingi, Kenya ikiwa mfano, hutoza ushuru wa matengenezo ya barabara katika kila lita ya mafuta. Anayetumia umeme hutumia barabara ileile bila kuilipia kwa njia hiyo. Magari ya umeme yatakapokuwa mengi, serikali zitalazimika kutafuta njia nyingine, na ni haki yetu kuuliza mapema ni nani atakayelipa.

Basi, tukirudi kwenye swali la wanafunzi wangu: kwa uendeshaji wa kila siku, pale ambapo umeme unapatikana kwa bei ya wastani, umeme ni rahisi zaidi. Lakini historia inatuonya kwamba jibu hilo halikutosha mwaka 1912, na halitatosha leo, ikiwa mlango wa kuingilia ni wa wenye pesa peke yao. Jirani yangu wa boda boda hajauliza gari lipi lina teknolojia bora. Ameuliza: nitalipa kiasi gani leo, na kesho kutwa nitabaki na nini? Ukimjibu bei tu, umemdanganya nusu.

Kazi yako, ndugu msomaji: muulize mwendesha boda boda au dereva mmoja wa mtaani kwako hutumia kiasi gani kwa siku kwa mafuta au betri, na kiasi gani kwa mwezi kwa matengenezo. Andika hesabu yake kwa Kiswahili sanifu katika aya mbili, ukitofautisha neno "bei" na neno "gharama". Kisha msomee aliyekupa hesabu hiyo, umsikilize atakachosema.