Ngoma za Usiku na Kadi za TANU: Dar es Salaam, 1955

Historia ya TANU huelezwa zaidi kwa majina ya wanaume waliosoma, kwa katiba na kwa kumbukumbu za mikutano. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha swali moja bila jibu. Chama kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954 kikiwa na fedha kidogo. Kiliwapataje wanawake kwa maelfu mjini Dar es Salaam katika miezi michache ya mwaka 1955? Insha hii inadai kwamba jibu limo katika sehemu za starehe za mji huo.

Dar es Salaam ni mji wa bandari, na bandari huvuta watu wa kila kabila. Mgeni aliyefika Kariakoo au Ilala hakuwa na ukoo wa kumpokea, hivyo chama cha ngoma kilimpa watu wa kushirikiana nao. Mtindo wa beni, ulioanzia Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, uliingia humo pamoja na vyeo, sare na mashindano yake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana, Marini wakijiona watu wa daraja la juu na Arinoti wakiwa kimbilio la wanyonge.

Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama na bomba, na walihudhuria taarabu za Al-Watan na Egyptian. Usiku wa ngoma ulihitaji matayarisho mengi. Ilibidi michango ikusanywe, sare zinunuliwe, wageni waalikwe, na kiongozi asikilizwe. Wengi wa wanawake hao hawakupata elimu ya shule, na baadhi waliishi kwa biashara ndogondogo kama kuuza maandazi. Hata hivyo, walijua kuongoza watu na kutunza fedha zao wenyewe.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alizuru Tanganyika, akawauliza viongozi wa TANU kuhusu tawi la wanawake. Aliyeteuliwa kuliongoza alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha bomba. Kama alivyomsimulia mwanahistoria Susan Geiger, Bibi Titi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi akikubali, wanachama wake walimfuata. Oktoba mwaka huo Oscar Kambona aliandika katika barua kwamba wanawake 5,000 walikuwa wamekwisha kujiunga.

Huenda mtu akasema kwamba ngoma ilikuwa chombo tu, na kwamba siasa ilitoka kwa wanaume. Hoja hiyo ina udhaifu. Vikundi hivi vilikuwa vimezoea kushindana kwa sare na kwa nyimbo za mafumbo. Kuvikutanisha chini ya kadi moja kulikuwa kazi ya siasa, tena ngumu, na aliyeiweza ni mtu aliyejulikana tayari katika viwanja vya ngoma. Isitoshe, vikundi hivyo vilichanganya wanawake wa makabila mbalimbali waliozungumza Kiswahili. Umoja wa taifa uliohubiriwa majukwaani, wao walikuwa wakiuishi kabla ya kadi kufika.

Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, madaraka serikalini yalihitaji elimu ya shule, na wengi wa wanawake hawa walibaki nje. Bibi Titi alipata nafasi serikalini, lakini alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1965, kisha akafungwa kwa kesi ya uhaini na kuachiwa mwaka 1972. Wenzake hawakuacha kumbukumbu za maandishi. Mengi tunayoyajua kuwahusu yalitokana na mahojiano walipokuwa wazee.

Kwa hiyo, anayetafiti siasa za miji yetu ya pwani asiishie kwenye nyaraka za serikali na za vyama. Aulize pia ni nani aliyekuwa akikusanya michango ya ngoma, na usiku huo alikuwa na watu wangapi nyuma yake.