Gando: Kijiji Kilichomsomesha Msanifu Wake

Wanaoisimulia ofisi ya usanifu majengo ya Kéré huanzia mwaka 2005, ilipofunguliwa Berlin. Mimi naianzia miaka ya 1970, Gando, kijiji cha Wabissa kusini mashariki mwa Burkina Faso, jirani na mji wa Tenkodogo. Diébédo Francis Kéré alizaliwa hapo mwaka 1965, mwana wa kwanza wa chifu. Gando hapakuwa na shule, hivyo alipotimiza miaka 7 baba yake alimpeleka Tenkodogo akakae na ndugu. Kila likizo ilipokwisha ilimpasa kupita nyumba kwa nyumba kuaga, na kina mama walifungua mafundo ya nguo zao wakamtolea senti ya mwisho waliyokuwa nayo. Alipomuuliza mama yake sababu, alijibiwa kwamba wanamchangia masomo kwa matumaini kwamba akifaulu atarudi kukisaidia kijiji. Mtaji wa kwanza wa ofisi hiyo ulitoka kwenye mafundo hayo. Tuzo na majarida vilikuja baadaye sana.

Darasa la Tenkodogo alilikumbuka kwa joto. Watoto zaidi ya 100 walibanana katika chumba cha saruji chenye mwanga hafifu, na bati likiwawakia vichwani. Yeyote aliyesoma chini ya bati tupu lisilo na dari, iwe Dodoma au Garissa, anaijua adha hiyo ya saa saba mchana, mwalimu anapoandika ubaoni na darasa zima linasinzia. Mwaka 1985 Kéré alipata ufadhili wa kusomea useremala Ujerumani. Baadaye akasoma masomo ya jioni, akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu majengo, na shahada akaipata mwaka 2004.

Lakini deni hakungoja shahada ndipo alilipe. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, aliunda na wenzake chama cha kuchangisha fedha za kuijengea Gando shule. Wakapata kiasi cha dola 50,000. Akafunga safari kwenda nyumbani na habari njema, na kijiji kikamshangaa kilipomsikia akisema shule itajengwa kwa udongo.

Nawaelewa watu wa Gando. Nyumba za udongo walikuwa wakiishi ndani yake, na kila masika walishuhudia mvua ikizila kuta, kisha ikawabidi kuzikandika upya. Kijana wao amekaa Ulaya miaka yote hiyo, halafu anarudi na kile kile wanachokikimbia. Walitazamia zege na vioo. Ilibidi aketi nao, achore ramani chini mchangani kwa kuwa michoro ya karatasi haikuwaambia kitu, na atengeneze tofali za majaribio wazione na kuzigusa kwa mikono yao.

Tofali hizo hazikuwa zile za zamani. Udongo wa hapo hapo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, na mafunzo yakatolewa na LOCOMAT, shirika la serikali ya Burkina Faso. Ujenzi ulianza mwaka 2000, na mwaka uliofuata shule ikasimama ikiwa na madarasa matatu yaliyopangwa mstari mmoja, na kati yao nafasi zenye kivuli za kufundishia au kuchezea. Watoto walibeba mawe ya msingi, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Wanawake walileta maji. Wanaume walifyatua tofali.

Kwenye sakafu ndipo napenda kusimama kidogo. Vijana walipanga safu, wakapigilia udongo kwa saa nyingi, wakienda kwa mdundo mmoja. Kisha wakaja kina mama wakiwa na vibao vya mbao, wakanyunyiza maji na kuendelea kupiga, na mwisho wakapiga magoti wakisugua kwa mawe laini mpaka uso ukateleza. Kazi hiyo wanawake wa Gando waliijua kabla Kéré hajazaliwa, kwani ndivyo wanavyotengeneza sakafu za majumbani mwao. Msanifu alichofanya ni kuupa ujuzi wao nafasi katika jengo la umma, na kwangu hilo lina uzito kuliko mstari wowote aliouchora.

Paa nalo lilitaka akili. Hakukuwa na winchi, na kuleta vyuma vikubwa kungemeza bajeti. Mafundi walifundishwa kukata nondo nyembamba za kawaida kwa msumeno wa mkono na kuzichomelea kuwa kenchi nyepesi ambazo watu wangeweza kuzinyanyua wenyewe. Juu ya madarasa iliwekwa dari ya tofali zenye nafasi katikati, na bati likainuliwa juu zaidi, likiwa limeachana na dari. Hewa ya moto hupanda na kutokea kwenye nafasi zile, upepo unaopita chini ya bati huisomba, na hewa ya nje huingia madirishani. Bati limechomoza mbali nje ya kuta ili mvua isizifikie. Hakuna kiyoyozi wala umeme unaohitajika hapo.

Mwaka 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyotolewa New Delhi. Kilichonigusa zaidi ni yaliyotokea jirani: vijiji viwili vilijijengea shule zao kwa msaragambo, na mamlaka za huko, mbali na kuleta walimu na kuwalipa, zikajitahidi kuwatumia vijana waliofunzwa Gando katika miradi ya umma.

Tangu hapo Gando haikupumzika. Nyumba za walimu zilikamilika 2004. Shule ikaongezewa madarasa mwaka 2008, kwa sababu wanafunzi waliozidi kidogo 100 mwanzoni walikuwa wakielekea 700. Majengo hayo yalileta matao ya tofali, jambo geni kijijini, na Kéré pamoja na mafundi walipanda juu ya tao wakarukaruka mbele ya watu mpaka wasiwasi ukawatoka. Kwa ajili ya maktaba, kina mama walileta vyungu vyao vya kufinyanga. Vikakatwa vikawa pete, vikapangwa juu ya mbao za kumwagia dari, na zege likamiminwa kuvizunguka. Kila tundu la chungu sasa linaingiza mwanga na kutoa joto.

Wapo wanaosema ofisi yenye makao Berlin haiwezi kuitwa ya wenyeji. Hoja ina nguvu, hasa baada ya mwaka 2022, Kéré alipokuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker na kazi zikamfuata kutoka kila bara. Mimi napima kwa kigezo kingine: nani hufunzwa ofisi inapojenga, na nani hubaki na ujuzi inapoondoka. Pale Gando jibu lina majina na nyuso, mafundi waliokwenda kujenga kwingineko Burkina Faso.

Kwa kipimo hicho hicho naitazama kazi yake ya huku kwetu, kituo cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021 karibu na Ziwa Turkana, Kenya, ambako vijana husomea teknolojia ya habari. Minara yake mirefu ya kutoa joto imeigwa kwenye vichuguu vya mchwa vya eneo hilo, na mawe yamechimbwa huko huko. Jengo ni zuri na la busara. Hata hivyo Turkana haikumsomesha Kéré wala haikumdai chochote, na ujuzi wa kujenga kwa mawe yale utakuwa wa wenyeji pale tu mafundi wao watakapoitwa kujenga shule za serikali na zahanati za kaunti hiyo kwa namna ile ile, kama walivyoitwa vijana wa Gando.