Sarakasi Bongo haikuanza jana!

Wengi mmeijua sarakasi yetu 2024, Ramadhani Brothers walipobeba America's Got Talent: Fantasy League. Rudini nyuma kidogo wadau. Miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipeleka vijana China wakajifunze. Waliporudi likaundwa kundi la taifa, na 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ujuzi ukashuka mtaani, mtu kwa mtu, hadi vikundi vidogo vikafika kwetu Muyama, Kigoma.

Hema hakuna, viti hakuna. Uwanja wa shule, ngoma, mtu juu ya mtu, watoto midomo wazi. Wanapitisha kofia, kesho hawapo. Sisi wiki nzima samasoti! Majina yao hatukuwahi kuyajua, ila bila wao sarakasi ingebaki mjini tu. Wapeni heshima yao.