Futa au weka karantini? Hesabu za chama cha mama na kitufe kimoja

Leo naomba niungame. Mwaka wa 2004 nilifuta hesabu za chama cha mama yangu, wala haikuwa ajali. Kompyuta iliniuliza, nami nikajibu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane. Michango yote ya miaka miwili, nani amelipa, nani ana mkopo, ilikuwa kwenye faili moja ya Excel katika kompyuta kuukuu tuliyonunua ikiwa imeshatumika. Siku moja antivirusi ikapiga kelele: faili ina kirusi kiitwacho Laroux. Ikanipa njia tatu: safisha, weka karantini, au futa. Mimi ndiye niliyekuwa "mtu wa kompyuta" pale nyumbani, nimemaliza mwaka wa kwanza chuoni, najua kila kitu. Nikabofya futa, nikajiona nimeua nyoka.

Kinachouma ni kwamba Laroux hakikuwa na meno. Kiligunduliwa mwaka wa 1996, na ndicho kirusi cha kwanza kuenea kupitia faili za Excel. Kazi yake yote ilikuwa kujinakili: kinaweka makro zake katika faili iitwayo PERSONAL.XLS, na kutoka hapo kinaingia katika faili nyingine za Excel unazozifungua. Tarakimu zako hakizigusi. Ukiziondoa zile makro, hesabu zinabaki palepale zilipokuwa. Yaani nilichoma nyumba kwa sababu ya panya, na panya mwenyewe hata mahindi hakuwa amekula.

Mama hakunigombeza. Alitoa vitabu vya risiti kwenye sanduku, tukakaa mezani Jumapili tatu tukiandika upya. Kuna akina mama wawili ambao risiti zao hazikupatikana, na hapo ilibidi chama kikubali neno lao tu. Mmoja wao hakurudi tena kwenye mikutano.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za virusi vya zamani, na kila mara narudi kwenye swali lile lile: je, faili hii ni kirusi chenyewe, au ni faili ya mtu ambayo kirusi kimeingia ndani yake? Antivirusi nyingi ziliweka mambo haya mawili chini ya onyo moja lenye rangi nyekundu. Kirusi cha Jerusalem cha mwaka wa 1987 kilijishikiza kwenye programu zako za .COM na .EXE, kwa hiyo kuifuta faili ni kuifuta programu yako. ILOVEYOU, kilichozuka Mei 2000, kiliandika juu ya picha za JPG, na hizo zilikufa kweli. Lakini nyimbo za MP3 kilizificha tu, kikaweka nakala yake mahali pake. Waliodhani nyimbo zimekwenda wakasafisha diski yote walizimaliza wenyewe. Sisi wa saiba tuliona jambo hilo hilo kwenye flashi: folda zimefichwa, mahali pake pana vitu vya kufanana nazo. Mtu anafomati flashi yenye kazi yake ya muhula mzima, kumbe amri moja ya attrib ingezifichua zote.

Ila mwalimu mkubwa kuliko wote ni One_Half, kilichotokea Slovakia mwaka wa 1994. Hiki kilikuwa na akili ya kutisha. Kila ulipowasha kompyuta, kiligeuza sehemu ndogo ya diski kuwa maandishi yasiyosomeka, kikianzia mwisho wa diski na kurudi mbele taratibu. Wewe huoni kitu, kwa sababu kirusi chenyewe kimekaa kwenye kumbukumbu kikikufungulia kila unachokisoma. Sasa ufunguo wa kufungulia uko wapi? Kimeuhifadhi chenyewe, pale mwanzoni mwa diski. Fundi anakuja na dawa aliyoizoea, anaandika FDISK /MBR, kirusi kinaondoka na ufunguo unaondoka nacho. Diski sasa haina kirusi, lakini sehemu yake yote iliyokwisha kugeuzwa haisomeki. Ilibidi ziandikwe programu za kufungua diski kwanza, ndipo zimtoe mgeni. Hapo kukimbilia kufuta kulileta hasara kuliko ugonjwa.

Karantini ilikuja kuwa jibu la haraka kama hiyo. Neno lenyewe ni la bandarini. Mwaka wa 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wanaotoka kwenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia, na baadaye Waitaliano wakafanya siku arobaini, ndiko jina lilikotoka. (Kumbe si mwizi peke yake mwenye arobaini zake.) Kwenye kompyuta, faili inahamishwa hadi folda ya antivirusi yenyewe, kwa kawaida baiti zake zinavurugwa ili isiweze kuendeshwa, na inaandikwa ilitoka wapi ili iweze kurudishwa. Mshukiwa yuko rumande, hajahukumiwa.

Na washukiwa wengine hawana hatia. Mei 2007 antivirusi ya Symantec ilizidhania netapi32.dll na lsasrv.dll kuwa virusi kwenye Windows XP ya Kichina, kompyuta nyingi huko China zikashindwa kuwaka. Tarehe 21 Aprili 2010 ikawa zamu ya McAfee: sasisho namba 5958 lilimkamata svchost.exe, mmoja wa nguzo za Windows XP, likamwita kirusi Wecorl. Kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma, au zikapoteza mtandao, zikiwemo za hospitali kule Marekani. Kwa kuwa mtandao haukuwepo, marekebisho hayangeweza kutumwa. Mafundi walizunguka mashine moja baada ya nyingine.

Nisikudanganye, karantini haikuziokoa mashine hizo zisianguke. Ukimweka rumande anayeshika paa, paa linashuka vilevile. Tofauti ni kwamba pale ilipotumika karantini, faili ilikuwa bado ndani ya diski ile ile. Pale ilipofutwa, ilibidi nakala itafutwe kwingine.

Siku hizi kwangu ni karantini kwanza, kisha nasubiri wiki moja au mbili nione kama kuna kitu kimegoma. Kama ni faili ya kazi ya mtu, naitafutia njia ya kuisafisha kabla ya lolote. Mwezi uliopita nilifungua karantini ya kompyuta yetu ya nyumbani nikakuta faili tatu. Mbili ni za kuvunja michezo ya kulipia, na kijana wangu anajua alizitoa wapi. Ya tatu ni programu ndogo ya hesabu za chama niliyomwandikia mama mimi mwenyewe. Nimeirudisha.