Akiba ya chakula Usukumani

Akiba ya chakula Usukumani ni jumla ya vyakula ambavyo kaya za wakulima na wafugaji wa kusini mwa Ziwa Viktoria huvuna, huokota, hukausha na kuvitunza ili ziivuke miezi isiyo na mavuno. Eneo hilo lina mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, pamoja na sehemu ya Tabora. Nafaka ndiyo mhimili wa akiba hii, lakini haisimami peke yake: kuna viazi vitamu na mihogo iliyokaushwa, mboga kavu, dagaa, mazao ya porini na mifugo. Kila chakula kina msimu wake na adui wake, kwa hiyo ni nadra balaa moja kuviharibu vyote kwa mpigo.

Majira

Mvua huanza Oktoba au Novemba, hulegea kwa muda kati ya Januari na Februari, kisha hukoma Mei. Sehemu kubwa ya nafaka huvunwa kati ya Mei na Julai, na kiangazi kinachofuata huleta jua na upepo wa kukaushia. Kipindi kigumu ni kati ya Desemba na Machi: ghala limeshuka, mazao mapya hayajakomaa, na palizi inataka watu walioshiba. Akiba hupangwa kwa kuangalia miezi hiyo.

Vyakula vya porini

Mvua za kwanza huotesha mlenda, mgagani na mchicha pori wiki nyingi kabla ya shamba kutoa chochote. Majani huliwa mabichi msimuni, na ziada hukaushwa. Mlenda mkavu hutwangwa ukawa unga, na majani ya kunde yaliyokaushwa, yaitwayo nsansa, hupikwa kwa karanga wakati wa kiangazi. Porini huokotwa pia ukwaju, ubuyu, furu na uyoga wa vichuguu.

Misitu ya eneo hili ilipungua sana katika karne ya 20 kwa sababu ya ukataji wa miti wa kufukuza mbung'o, kilimo cha pamba na wingi wa mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulihimiza kurudishwa kwa ngitiri, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ichungwe humo kiangazi. Miti iliporudi, matunda, asali, uyoga na kuni vilirudi pia.

Hatari kubwa katika uokotaji ni uyoga. Hakuna jaribio la nyumbani linaloweza kutenganisha uyoga wenye sumu na ule salama, na kuna sumu zisizoondoka kwa kupikwa. Huliwa ule tu ambao mjuzi wa mahali hapo anautambua bila shaka.

Michembe na matobolwa

Kiazi kitamu kibichi ni maji kwa takriban theluthi mbili au zaidi ya uzito wake, na kikishachimbwa hakikai muda mrefu. Kukiacha shambani nako kuna hasara: udongo ukikauka na kupasuka, fukusi wa viazi hupitia kwenye nyufa na kutaga mayai. Kiazi kilichoshambuliwa huwa kichungu hata baada ya kupikwa. Ndiyo maana viazi huvunwa na kukaushwa mwanzoni mwa kiangazi.

Michembe hutokana na viazi vibichi. Viazi huachwa vinyauke, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakamenywa, kukatwa na kuanikwa. Huwa magumu na matamu zaidi, na watoto huyatafuna hivyohivyo. Miamba iliyotapakaa Usukumani ni uanio mzuri, kwa kuwa jiwe hushika joto na halichanganyi vipande na udongo. Jioni vipande hukusanywa au kufunikwa visipate umande. Kipande kilichokauka sawasawa huvunjika kikikunjwa; kinachopinda bado kina maji ndani na kitaota ukungu ghalani.

Michembe huchemshwa peke yake, au huchanganywa na maharage au karanga zilizotwangwa. Ikisagwa, hutoa unga wa uji. Kwa viazi vya rangi ya chungwa, vyenye viini vya vitamini A, kuanika kivulini penye upepo hupunguza upotevu wa viini hivyo, ingawa vingine huendelea kupotea kadiri michembe inavyokaa.

Mihogo

Muhogo huvumilia ukame na unaweza kubaki ardhini mwaka mzima au zaidi, hivyo shamba lenyewe huwa ghala. Aina chungu hushambuliwa kidogo na wanyama, lakini zina viasili vinavyozalisha sianidi. Kuzitengeneza kuwa makopa au udaga, kwa kumenya, kuloweka au kuvundika na kuanika kwa siku kadhaa, hupunguza sumu hiyo.

Kufupisha kazi hiyo wakati wa njaa kuna madhara makubwa. Mwaka 1985, baada ya ukame, ugonjwa wa konzo ulizuka wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Konzo hupooza miguu ghafla na hauna tiba ya kuurudisha mwili ulivyokuwa. Huwapata hasa watoto na wanawake wanaokula muhogo chungu usioandaliwa vizuri pamoja na protini kidogo. Unga unaotiliwa shaka hukorogwa kwa maji ukawa rojo zito, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita 1 na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hutoka ikiwa hewa, na unga hupikwa siku hiyohiyo.

Ghala na wadudu

Kihenge cha asili husukwa kwa fito, hukandikwa udongo, huinuliwa juu ya mawe au magogo na kuezekwa paa la nyasi. Kuinuliwa huko huzuia unyevu wa ardhi na kupunguza panya. Nafaka ilichanganywa na jivu, ambalo hujaza nafasi kati ya punje na kukwangua utando unaozuia mdudu asikauke.

Mbinu hizo zilitosha dhidi ya fukusi wa kawaida, si dhidi ya dumuzi. Mdudu huyu, Prostephanus truncatus, asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima walimwita Skania, kwa jina la malori. Hutoboa mahindi yakiwa kwenye magunzi pamoja na makopa, akiacha vumbi jeupe. Ujio wake uliwafanya wakulima wengi waache kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi. Sasa hupukuchua na kuchanganya punje na dawa ya unga, au hutumia mifuko isiyopitisha hewa. Mfuko wa aina hiyo una tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Ukifungwa kwa kukazwa, wadudu humaliza oksijeni iliyomo, huacha kula na kufa. Tundu moja la panya hubatilisha kazi yote.

Unyevu na sumukuvu

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi unyevu wa takriban asilimia 13. Asiye na kipimo hutumia chupa na chumvi: chumvi kavu na punje hutiwa katika chupa kavu ya kioo, hutikiswa na kuachwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi uanioni.

Ukungu uitwao Aspergillus flavus huacha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutupwa. Hazisagwi wala hazilishwi mifugo.

Makadirio ya akiba

Mashirika ya misaada hukadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 400 za mahindi hutoa takriban 1,440. Zilizobaki zitoke kwenye kunde, karanga, michembe, mafuta na dagaa. Kaya ya watu 6 inayotaka kuvuka siku 120 inahitaji kilo 288 za mahindi, karibu magunia matatu ya kilo 100. Mbegu hutengwa mbali na hesabu hiyo, la sivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao.

Ng'ombe na mbuzi ni akiba ya mwisho, lakini ukame ukienea kila mtu hupeleka mifugo mnadani, bei yake hushuka na ya mahindi hupanda. Serikali ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), wenye maghala Shinyanga na kanda nyingine. Nafaka yake huwafikia wananchi baada ya upungufu kutathminiwa na kuidhinishwa, na kwa wiki hizo za kusubiri kaya hula ilichojiwekea.