Senene wa Vuli: Habari za Kale za Chakula Chetu

Ndugu mhariri aliponiomba niandike habari za kale kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilidhani anataka habari za walimu wakuu, za majengo na za vikombe vya kandanda. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika vizuri. Mimi naomba ruhusa niandike juu ya mdudu. Kila aliyesoma Bukoba anajua ni mdudu gani.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaujua mwisho wa mwaka kwa majani yanayopukutika. Sisi wa magharibi ya Ziwa Viktoria tunaujua kwa senene. Mvua za vuli zikishanyesha na nyasi zikachipua, panzi hawa huzaliana kwa wingi, kisha huruka usiku kwa makundi makubwa wakifuata mwanga. Wapo wa kijani, wapo wa kahawia, na wachache wana michirizi ya zambarau. Wataalamu wanamwita Ruspolia differens. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wameupa mwezi mzima jina lake: Novemba kwao ni Musenene. Huja pia mara ya pili kwenye Aprili na Mei, lakini wale wa vuli ndio hasa wanaongojewa.

Zamani, kabla ya umeme, senene walikamatwa rweya, yaani kwenye mbuga za nyasi zilizo nje ya vibanja vyetu vya migomba. Watu walitoka alfajiri kungali na umande, kwa kuwa senene aliyepigwa na baridi hana nguvu ya kuruka. Jua likichomoza, kazi imekwisha. Waliotoka walikuwa wanawake na watoto. Wakirudi, wanawake walikaa chini pamoja na majirani, wakachambua mbawa na miguu, mmoja baada ya mmoja, mpaka vidole vikawa na utelezi wa mafuta. Nani kapata mchumba, nani anaumwa, mgomba wa nani umeangushwa na upepo: yote yalisemwa pale. Kisha senene walikaangwa katika mafuta yao wenyewe, na chumvi kidogo. Waliobaki walikaushwa wakawekwa akiba, ili mgeni akija asikute nyumba tupu.

Hiyo ndiyo picha tunayoipenda. Lakini mtu anayeandika historia hana budi kuuliza swali moja zaidi: baada ya kazi yote hiyo, nani alikula?

Kwa desturi ya Wahaya wa zamani, mwanamke hakula senene. Alitoka na baridi, alikamata, alichambua, alikaanga, kisha aliweka sahani mbele ya mumewe na kuondoka. Kwa Waganda nao, mke aliyemletea mumewe senene alitazamiwa kupewa zawadi ya nguo mpya. Malipo yalikuwa nguo, si chakula. Wavulana walikula. Nami nilikuwa mmoja wa wavulana hao.

Mama yangu alizaliwa na kuolewa kaskazini ya Mto Kagera, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Missenyi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote mpaka mtoni ni lake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mama alikuwa amekwisha kuvuka kwa miguu pamoja na wanawake wengine, mizigo kichwani. Baba alikuwa katika mgambo.

Ulikuwa msimu wa senene. Mama anasema walianguka usiku kwa wingi kwenye nyasi za mahali walipojisitiri, kana kwamba hawakuwa na habari ya vita. Wanawake wale walikuwa na njaa ya siku mbili. Bibi mmoja mzee, ambaye Mama hakupata kujua jina lake, alikoka moto, akakaanga senene katika kipande cha chungu, akawagawia wote. Mama akasita. Yule bibi akamwambia, "Kula, mwanangu. Wanaume hawapo, na vita haiulizi desturi."

Akala. Vita iliendelea mpaka Kampala ikaanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Baba alirudi salama, maisha yakaendelea, nami nikazaliwa. Kila Novemba Mama aliendelea kuweka sahani mezani na kuondoka, kama kwamba hakuonja kamwe. Siri hiyo alinieleza baada ya Baba kufariki, nami nimekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto.

Nilipoisikia nikakumbuka shule yetu. Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1995. Mnakumbuka taa kubwa ya mbele ya bwalo? Senene wa kwanza alipogonga kioo wakati wa masomo ya usiku, darasa zima lilikuwa nje. Tulikamata kwa mashati, kwa shuka, wengine kwa vyandarua. Mwalimu wa zamu alipiga kengele. Alipoona hasikilizwi, alikwenda kuchukua ndoo yake mwenyewe.

Asubuhi tulizipeleka ndoo jikoni, na mama mmoja mpishi alitukaangia. Siku moja tulimkaribisha naye aonje. Akacheka, akasema, "Hicho ni chakula cha wanaume, wanangu." Tukala mpaka tukashiba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu. Tulikuwa tukisomeshwa kwamba binadamu wote ni sawa, na tukijibu hivyo katika mtihani wa Uraia.

Siku hizi mambo yamebadilika. Watu hutega kwa taa kali, mabati na mapipa, na msimu ukiwa mzuri senene huvunwa kwa magunia. Ndugu zetu wa Dar es Salaam huletewa wakiwa wamekwisha kukaangwa. Rweya nyingi zimepandwa miti au kujengwa nyumba. Wanawake wengi wanafanya biashara ya senene, na wanakula bila ya kumwomba mtu ruhusa. Miiko ile ilikwisha polepole, nyumba kwa nyumba, pasipo sheria wala tangazo la serikali. Mimi ninayefanya kazi ya serikali nakiri kwamba yapo mambo makubwa ambayo hayakupita katika faili lolote.

Basi, ndugu zangu, natoa pendekezo. Mkutano wetu umekuwa wa wanaume watupu, tukikumbuka ndoo zetu. Safari hii, kwa kuwa tunakutana Novemba, tuje na wake zetu, na mama zetu walio hai. Senene tuchambue sisi wenyewe, sote tukiwa tumekaa chini, na sahani ya kwanza tuwapelekee wao.

Mama yangu atakuja. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunajua kukaanga. Nilimjibu kwamba tutajifunza.