Nahodha Hore, Fundi wa Mashua za Ujiji

Mtu wa Buha akishuka kutoka Makere na Kasulu kwenda Ujiji, hukosi kuonyeshwa mnara wa mahali walipokutana David Livingstone na Stanley katika mwaka 1871. Wenyeji humwambia kwamba siku zile maji ya ziwa yalifika karibu na hapo. Naye akitazama huku na huku haoni maji. Akitaka kunawa miguu hana budi kuteremka tena. Vijana wetu wa shule wakisikia habari hiyo hucheka, hudhani wazee wametia chumvi. Lakini wazee hawakusema uongo. Jambo hilo twalijua kwa hakika, kwa sababu palikuwa na mtu aliyepima maji yale na kuandika alichokiona. Jina lake Edward Coode Hore. Habari za Livingstone na Stanley tumefundishwa sote, bali huyu ni wachache wanaomjua. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia wasomaji wetu maisha yake, na faida tuwezayo kuipata humo.

Hore alizaliwa Uingereza mwaka 1848. Hakuwa kasisi, wala hakuwa mwanachuoni. Alikuwa baharia wa merikebu za biashara, amezoea kamba, tanga, dira na nyota. Basi katika miaka ile Misioni ya London iliazimia kupeleka Injili katika Ziwa Tanganyika, nayo ilipata fedha kutoka kwa tajiri mmoja wa mji wa Leeds, jina lake Robert Arthington. Wakubwa wa misioni waliona kwamba wahubiri peke yao hawatoshi. Ziwa lile ni refu mno, karibu kilometa 670; watu wake wamekaa pande zote za pwani; na asiyekuwa na chombo hawezi kuwafikia. Ndipo wakamtafuta mtu wa bahari, wakamwita Hore.

Msafara wao ulitoka Saadani mwaka 1877. Walidhani watakwenda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama walivyozoea wamisionari wa Afrika ya Kusini. Lakini mbung'o waliwauma ng'ombe, wakafa njiani, na magari yakaachwa. Wakalazimika kuajiri wapagazi na kwenda kwa miguu kama watu wote. Walifika Ujiji mwezi wa Agosti, 1878, nao ni Wazungu watatu tu: Thomson, Hutley na Hore. Kabla ya kutimia mwezi mmoja na nusu, Thomson alikufa kwa homa. Mwaka uliofuata akafika mwenzao Dodgshun, naye akafa baada ya siku chache. Mkubwa wa misioni mwenyewe, Dakta Mullens, alitoka London ili awatie nguvu, akafa njiani karibu na Mpwapwa mwezi wa Julai, 1879. Hivyo wale waliotegemewa kuongoza kazi walikwisha, akabaki baharia pamoja na kijana Hutley.

Tena haikuwa rahisi kukaa Ujiji. Mji ulikuwa chini ya Waarabu na Waswahili wafanyao biashara ya pembe na watumwa, na mkubwa wao alikuwa Mwinyi Heri. Hao walimtilia shaka kila Mzungu, maana walijua kwamba Waingereza wanataka kuikomesha biashara hiyo. Hore hakuwa na askari, wala hakutaka ugomvi. Alifanya kazi yake mchana kweupe, akawatembelea watu barazani, akangoja. Subira ni kazi ya baharia. Upepo ukiwa mbaya haupigi makofi, bali hukunja tanga na kusubiri.

Aliponyimwa nafasi ya kufanya mengi barani, alikwenda ziwani. Alipata chombo cha wenyeji, mtumbwi wa gogo, akauongeza mbao na tanga kwa mikono yake, akauita Calabash, maana yake Kibuyu. Kwa chombo hicho kidogo, pamoja na mabaharia wa hapo hapo, alianza kuzunguka pwani za ziwa. Kila alipofika aliandika majina ya vijiji na makabila, akatia bildi majini kujua kina, akachora ramani.

Hapo palikuwa na neno kubwa lililowashinda wenye elimu wa Ulaya. Mito mingi inaingia katika Ziwa Tanganyika, na mmojawapo ni Malagarasi wetu uchukuao maji ya Buha. Je, maji hayo hutoka wapi? Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika upande wa magharibi mwaka 1874, akauona mto Lukuga, akasema kwamba ndio mlango wa ziwa. Stanley alifika mwaka 1876, akaukuta umezibwa na mafunjo na matope, akasema maji hayatoki bado, ila yatatoka siku moja. Watu wakabishana. Hore alikwenda huko mwaka 1879, akayaona maji yakitoka kwa nguvu, yakishika njia ya kwenda mto Kongo. Ziwa lilikuwa limejaa kwa mvua za miaka mingi huku mlango wake umezibwa; hatimaye lile zibo likavunjika, na maji yakaanza kupungua.

Wengine wangetosheka kuona na kusimulia. Hore hakutosheka. Alitia alama ya maji pale Ujiji, akaiangalia mwezi baada ya mwezi. Kati ya mwaka 1879 na 1880 aliona kwamba ziwa limeshuka kiasi cha futi 10. Likaendelea kushuka, hata katika muda usiofika miaka 20 likawa limepungua karibu mita 10, na bandari ya kale ya Ujiji ikawa nchi kavu. Ndiyo sababu mnara ule umesimama mbali na maji, na ndiyo sababu wazee wetu hawakusema uongo. Tena aliokota makome ya ziwani na kuyapeleka Uingereza, wenye elimu wakashangaa, maana yalifanana na makome ya baharini. Kome mmoja wa ajabu mwenye miiba aliitwa kwa jina lake mwaka 1880, na baadaye samaki mmoja wa ziwa letu naye akapewa jina hilo.

Baada ya hayo alirudi kwao, akaoa mke jina lake Annie, kisha akarudi tena Afrika mwaka 1882 pamoja na wenzake, mmoja akiwa baharia Swann. Safari hii walileta mashua ya chuma, imekatwa vipande vipande. Vipande hivyo vilikokotwa katika vigari vya mkono na kubebwa na wapagazi kutoka Saadani mpaka Ujiji, njia ya zaidi ya kilometa 1,000, kupita misitu, mabonde na mito isiyo na daraja. Mashua ikaungwa Ujiji, ikashushwa majini mwaka 1883, ikaitwa Morning Star, yaani Nyota ya Asubuhi. Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Jina la nahodha limeandikwa katika vitabu, lakini wale waliokokota chuma kile juani, miezi mingi, majina yao hayakuandikwa. Bila mabega yao mashua ile ingalibaki Saadani mchangani. Ni haki tuwakumbuke pamoja naye.

Chombo cha tatu kilikuwa stima, Good News, maana yake Habari Njema. Hicho kilipitishwa njia ya kusini, kwa mto Zambezi na Ziwa Nyasa, kisha kikachukuliwa barani mpaka ncha ya kusini ya Tanganyika. Kilishushwa majini mwaka 1885. Injinia wake Roxburgh alikufa mwaka huo huo, kabla mitambo haijafungwa, na wengine wakaimaliza kazi aliyoianza. Hiyo ndiyo desturi ya misioni ile: mmoja akianguka, mwingine hushika nyundo.

Wakati huo Bibi Annie Hore alikuwa amekwisha fika Ujiji, mapema mwaka 1885, akichukuliwa na wapagazi katika kiti, pamoja na mtoto wao mdogo Jack. Wakakaa katika kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa, na bibi akafundisha watoto. Lakini Jack akapatwa na ugonjwa. Mama akarudi naye kwao, na mtoto akafa mwaka 1889. Hore naye akaondoka Tanganyika. Baadaye alikuwa nahodha wa merikebu ya misioni katika bahari ya Pasifiki, akafa huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1912.

Sasa mtu ataniuliza: Mwalimu, kazi hiyo ilizaa nini? Misioni ile iliuacha mji wa Ujiji, ikaiacha na Kavala, ikahamia kusini. Stima iliuzwa, na katika vita iliyoanza mwaka 1914 Wajerumani wakaiharibu. Hakuna kanisa Ujiji lililojengwa na Hore. Mtu akihesabu kwa hesabu ya sokoni atasema ni hasara tupu, tena hasara iliyolipwa kwa makaburi mengi. Sitaki kuficha jambo hilo, maana historia si sifa tu. Hata hivyo Nuhu naye alijenga safina mahali pasipo bahari, na majirani hawakuona maana yake. Bwana wetu mwenyewe kabla ya kuhubiri alishika randa na msumeno miaka mingi, wala hatusemi kwamba miaka ile ilipotea.

Tena kazi ya Hore haikupotea yote. Katika miaka hii ya karibuni, tangu kama mwaka 2020, ziwa limepanda tena. Maji yameingia katika nyumba na gati za Kigoma, na huko Bujumbura watu wamehama makwao. Wengi waliogopa, wakasema jambo hili halijapata kutokea. Lakini walioshika vipimo vya zamani walijua kwamba ziwa hili hupanda na kushuka, na kwamba mlango wake ni mmoja tu, Lukuga. Mlango ukizibwa na mvua zikizidi, maji hurudi kudai mahali pake pa kale. Maarifa hayo yalianzia katika alama iliyotiwa na baharia mmoja mwenye subira.

Basi ndugu zangu, tujihoji. Sisi tuliosoma tumezoea kudhani kwamba kalamu ni heshima na nyundo ni aibu. Kijana akimaliza shule hataki kushika jembe wala randa, hutafuta kiti cha ofisini. Hore alishika vyote viwili: mchana alipiga misumari, na jioni aliandika alichokipima. Kalamu bila mikono haingelijenga mashua. Mikono bila kalamu isingetuambia habari za maji.

Nasi tunayo ya kupima. Chemchemi zetu hapa Makere, ni nani ajuaye zilikuwa na maji kiasi gani mwaka juzi? Kila mtu husema, Zamani maji yalikuwa mengi. Lakini tukiulizwa mengi kiasi gani, twanyamaza. Nawasihi walimu wenzangu wachague jiwe moja penye chemchemi ya kijiji, watie alama, na watoto waandike tarehe na kipimo kila mwezi katika daftari la shule. Kazi hiyo haina gharama, wala haina sifa. Huenda sisi tusione faida yake. Lakini wajukuu wetu watakapouliza maji yamekwenda wapi, watakuta jibu limeandikwa.